Afishi ya Kilio cha Mama

Mama yangu nilimkuta City Centre, Lilongwe, amewekwa ukutani nyuma ya kioo, kati ya mashine ya maji na mlango wa choo.

Nilikuwa juu ya kiti, natundika mapazia. Kazi hiyo huipata mama mmoja mwenye duka pale mtaa wa Mchesi: yeye anapokea oda, mimi nashona huku Dzaleka, kambini kwa wakimbizi, halafu siku ya kutundika tunakutana na kwenda wote, mafurushi kichwani. Ofisi ile ni ya shirika moja, silitaji jina, lenyewe linajijua. Nikageuka kuomba pini, macho yakaingia kwenye koridoo. Kwanza nikaona kitenge. Kitenge cha bluu chenye samaki wa manjano, kila samaki na jicho moja kubwa kama kifungo cha koti. Halafu beseni la unga kichwani. Halafu uso.

Mi sikushuka kwenye kiti, nilianguka. Nikafika pale na magoti yanauma, nikaweka kiganja juu ya kioo.

"Amayi, musakhudze!" Msichana wa mapokezi ananikataza nisiguse.

Nikamwambia kwa Chichewa changu cha sokoni kwamba huyu ni mama yangu. Akatabasamu vile wanavyotabasamu kwa mtu aliyelewa mchana. "Ni picha tu, mama," akasema. Chini ya fremu palikuwa na kibandiko cha Kiingereza. Nikamwomba anisomee. Akasoma, akanigeuzia kwa Chichewa: mchoro wa mtoto mkimbizi asiyejulikana, sherehe ya mavuno, Dzaleka.

Sherehe ya mavuno! Nikaangalia chini ya mchoro, pale nilipokuwa nimeandika jina la mama kwa mkono wangu mwenyewe. Hapakuwa na jina. Walikuwa wamekata karatasi kwa mkasi ili ienee kwenye fremu. Mi ni fundi nguo, mkono wa mtu aliyekata kwa haraka naujua. Mlinzi akaja, hakunipiga, alinishika tu kiwiko kwa adabu, na ile adabu iliniuma kuliko kofi. Mama wa Mchesi akabaki nyuma anawaomba radhi kwa niaba yangu.

Asiyejulikana. Mimi nipo. Nina miaka ya kutosha kuwa bibi wa mtu, na mtu aliyeichukua karatasi ile namjua, anaitwa Gaspard. Ngoja nieleze tangu mwanzo, maana bila mwanzo mtaniona kichaa kama alivyoniona yule msichana.

Tulifika Dzaleka watatu: baba, dada yake mdogo tuliyemwita Tantini Noela, na mimi. Kutoka Fizi tulikuwa wanne. Mama alishikwa na homa njiani, tukiwa tumelala juu ya magunia ya chumvi ndani ya lori, na alikufa karibu na mpaka kabla hatujavuka kuingia Malawi. Dereva aliitwa Hamisi. Jina lake nalo nalitaja. Baba alimwomba saa mbili tu, mtu azikwe, watu wakae chini, walie. Hamisi akasema lori si la kwake, na hapa si mahali pa kulia. Watu wa kijiji tusiowajua wakasema, nendeni, tutamfunika. Tukapanda. Mimi nilipanda nikitazama nyuma, na nilichoona ni miguu ya mama kwenye mkeka, na pindo la kitenge cha samaki.

Nilikuwa na umri wa kung'oka meno. Sikulia, kwa sababu hakuna aliyelia. Kwetu mtoto hujifunza kulia kwa kuwatazama wakubwa, na wakubwa wangu walikuwa wamekaa juu ya chumvi wanatazama mbele.

Ninyi wenzangu mliolelewa kambi ile mnaijua tablo. Kwa wasioijua: ni ubao mrefu uliopigiliwa ukutani pale ofisini, karibu na yale majengo ya gereza la zamani, na juu yake kulibandikwa karatasi. Karatasi ikisema unga Jumanne, Jumanne unga unakuja. Karatasi ikisema daktari wa macho, daktari anashuka kwenye gari na miwani yake. Siku moja walibandika majina, na jirani zetu wa mlango wa pili wakafunga mizigo, wakapanda ndege, wakaenda nchi ya baridi. Watu waliikimbilia tablo asubuhi kabla ya kunawa uso. Walisoma kwa kidole, wengine wakipiga magoti, wengine wakirudi nyumbani mikono kichwani.

Mimi nikaelewa jambo ambalo niliona wakubwa hawajalielewa. Wao walidhani karatasi inatoa habari. Mi niliona wazi kwamba karatasi ndiyo inayoleta. Unga haukuwepo, karatasi ikabandikwa, unga ukaja. Sasa mbona watu wanakaa na njaa ya mambo mengi hivi, na karatasi zipo?

Ndipo nikaanza kuchora afishi, yaani matangazo yangu mwenyewe ya kubandika. Karatasi nilipata kwa karto, yale maboksi ya mafuta ya msaada, upande wa ndani usio na maandishi, ule wenye harufu ya mafuta inayokaa kwenye vidole hata ukilala. Rangi nyeusi ilikuwa masizi ya sufuria na maji. Bluu nilisugua karatasi kuukuu ya kaboni ya ofisini iliyotupwa. Manjano ni mzizi wa binzari, Tantini akiniuliza kwa nini unaisha kabla ya mchuzi. Na kashe, ule mhuri, maana karatasi isiyo na kashe kambini si kitu, nilichonga kwa kiazi kitamu. Nilichonga jua. Sikujua kashe ya ofisi ilikuwa na picha gani, kwangu ilionekana jua.

Gundi ilikuwa nsima, ugali wa huku. Unabakiza tonge, unalipondaponda na maji ya moto mpaka linavutika. Njo hapo nilipokosea. Afishi yangu ya kwanza ilikuwa ya harusi ya Tantini Noela. Nilimchora na gauni linalofika mpaka ukingo wa karto, na bwana harusi nikamwachia uso mtupu ili yeyote atakayekuja aingie. Nikaibandika ukutani kwa kisima. Kesho yake nikamkuta mbuzi wa Warundi anamalizia gauni. Alikuwa ameanza na bwana harusi.

Nilimkimbilia Tantini nikilia. "Tantini, hautaolewa! Mbuzi amekula!"

"Amekula nini?"

"Bwana yako!"

Alicheka mpaka akakaa chini, akaniita nabii wa uongo. Lakini miaka ilipita Tantini hajaolewa, na mimi kila nilipomwona yule mbuzi nilimtupia jiwe.

Nilichora nyingine nyingi. Mashindano ya mpira kati ya watoto wenye viatu na wasio na viatu. Kwaya ya wazee wasio na meno. Siku ya kila mtu kupewa godoro. Ugawaji wa mvua, bloki ya kwanza mpaka ya tano. Nyingine nilibandika, nyingi nilificha chini ya mkeka kwa kuogopa kwamba zikitokea zote kwa pamoja hatutatosha kiwanjani. Baba alikuwa ananipita bila neno. Baba wakati ule alikuwa na nywele na ndevu kama kichaka, ndevu zimefunika mdomo, anakula kwa kuzifungua kwa mkono. Watoto walimwita Simba. Mimi nilifikiri hatuna pesa ya wembe. Nilikuwa hata nimechora afishi ya ugawaji wa nyembe, kwa ajili yake.

Halafu akafa mzee mmoja wa bloki yetu, kwa uzee. Kilikuwa kilio changu cha kwanza kukiona kambini. Watu walikuja na kuni, na unga kwenye mabeseni, na maharage ndani ya kofia. Hakuna aliyekuja mikono mitupu. Lakini kilichonishangaza ni kingine. Watoto wa yule mzee, ambao yeye mwenyewe alikuwa akisema wamekufa vitani, wakatokea. Wawili, wanaume wazima. Mmoja alikuwa Mchesi miaka yote ile anauza nguo kuukuu, mwingine alikuwa Msumbiji. Habari ya kilio iliwafikia kwa watu wa mabasi, wakaja, wakajitupa chini kwenye vumbi. Nikamwuliza Tantini, "Hawa walikuwa wamekufa, sasa wamerudi?"

Tantini alikuwa anapepeta unga. "Kilio haikoswe," akasema. "Muntu anaweza kosa harusi. Kilio, hata kama uko mbali namna gani, unakuya."

Mi nikakaa na neno hilo siku tatu. Mama yangu, kule Fizi, hakuwahi kukosa kilio cha mtu. Nilikuwa ninaenda naye nimeshika pindo la kitenge, yeye na beseni la unga kichwani halishikwi na mkono. Alienda kilio cha adui. Alienda kilio cha mtu aliyemwibia mihogo. Sasa, nikawaza, yeye mwenyewe kilio chake hakijatangazwa popote. Atajuaje pa kuja? Kikitangazwa, kwenye tablo yenyewe, na kashe, atakuja. Yeye kilio hakosi.

Mnacheka? Chekeni. Hata mimi nacheka nikiwa nashona, halafu sindano inanichoma.

Ile afishi niliichora kwa wiki nzima. Nilitafuta karto kubwa kuliko zote. Nilimchora mama akiwa njiani, anakuja kilioni, beseni kichwani, moto mbele yake na watu wamekaa kuuzunguka. Uso wake nilikuwa bado ninao, kamili. Nafasi kati ya meno ya mbele. Kovu dogo juu ya nyusi, alipopigwa na tawi. Jicho la kushoto lililokuwa likijifunga kidogo anapokaribia kucheka. Vyote nikaviweka. Neno TANGAZO nililinakili kwenye tablo, JUMAMOSI vilevile. Jina la mama nikalinakili kwenye cheti cha ndoa ambacho baba alikificha ndani ya Biblia, herufi moja moja, ulimi nje: KILIO CHA VUMILIA ASUKULU. BLOKI YA TATU. BOTE MUKUYE, yaani wote mje. Kashe ya jua nikaipiga mara mbili ili wasije wakasema haikukolea.

Gundi ya nsima nikaikataa. Niling'oa misumari miwili kwenye benchi la kanisa, Mungu anajua, na Ijumaa mchana watu wa ofisi walipokwenda kula nikapanda kwenye tofali, nikaipigilia katikati ya tablo, juu ambapo mbuzi hafiki.

Jumamosi asubuhi niliamka nikaoga bila kuambiwa. Baba alikuwa ameketi mlangoni anashona kiatu. Wa kwanza kufika alikuwa Mama Esperansi, jirani yetu Mrundi, yule yule mwenye mbuzi, na mzigo wa kuni kichwani. Akautupa chini uani kwetu, mbele ya baba, akafunga kitenge kiunoni, akaanza kupanga mafiga.

"Mama Esperansi, unafanya nini kwa lupango yangu?" baba akauliza.

"Napanga moto."

"Moto ya nini?"

Kabla hajajibu wakaingia wengine. Wanawake watatu wa kwaya, na mabeseni. Mzee wa bloki, kiongozi wetu, na kiti chake begani. Baba akasimama na kiatu mkononi.

"Nani amekufa kwa nyumba yangu?"

Watu wakatazamana. Katikati yao akatokea Gaspard. Huyo ndiye Gaspard. Alikuwa mkimbizi kama sisi, mtu wa Uvira mjini, mtafsiri wa ofisi, kijana mwenye tai na kalamu mbili mfukoni, na kambi nzima ilimnyenyekea kwa sababu maneno yetu yote yalipitia mdomoni mwake. Alikuwa ameiondoa afishi kwenye tablo, ameikunja vizuri. Akaikunjua, akamsomea baba kwa sauti ya redio. Alipofika kwenye jina, kiatu kikamtoka baba mkononi.

"Nani ameandika hii?"

Macho yote yakashuka mpaka kwangu, na vidole vyangu vilikuwa bado vya bluu.

Baba alinishika mkono. Sikuwahi kumwona hivyo. "We mutoto, unatangaza mama yako kama kilo ya sukari? Unanipatisha haya mbele ya bantu? Murudi!" akawaambia watu. "Murudi kwenu, aksanti, ni mchezo ya mutoto. Hapa hakuna kilio."

Wanawake wa kwaya walianza kuinua mabeseni. Mama Esperansi hakuinua kitu. Alikuwa amepiga magoti anapuliza moto.

"Mama Esperansi, nimesema!"

"Nimesikia, Papa. Sina masikio mbovu." Akapuliza tena, moto ukashika. Kisha akasimama, uso umejaa majivu. "Kuni ya kilio hairudi nyumbani. Wewe unajua, na mimi najua, na mupaka Warundi wote tunajua. Huyu mama alililiwa wapi?"

Baba akainama kuokota kiatu.

"Nimekuuliza, Papa. Alililiwa wapi?"

"Hakuliliwa," akasema Tantini Noela kutoka mlangoni, na hapohapo akapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia tena maishani. Kama vile alikuwa ameukalia tangu juu ya yale magunia ya chumvi. Baba akakaa chini kwenye vumbi, miguu mbele kama mtoto, akaanza. Wanaume wakaja wakakaa naye, mmoja huku, mmoja huku, mabega yamegusana. Kwaya ikaimba. Moto ule ukala kuni za bloki nzima.

Mama yangu alililiwa kwa tangazo la uongo. Waliokuja walikuwa watu ambao hawakumjua, wengine si wa lugha yake, na walimlilia kama ndugu. Nchi ile tuliyoikimbia watu waliuana kwa sababu ya makabila, na pale Mrundi, Mbembe, Mfulero walikula maharage ya sufuria moja kwa ajili ya mwanamke aliyechorwa kwenye karto ya mafuta. Mi nina uchungu mwingi na dunia, siufichi, lakini siku hiyo niliiona kwa macho yangu, na hakuna anayeweza kuniambia kwamba haiwezekani.

Mchana mzee wa bloki akaleta wembe. Hapo njo nilijua: kwetu mwenye kilio hanyoi mpaka kilio kiishe, na kilio cha baba kilikuwa hakijaanza, kingeishaje? Hakuwa amekosa pesa. Wakamwagia maji, wakamnyoa nywele na ndevu zote mbele ya moto, na chini ya kichaka kile akatokea kijana. Kidevu chenye shimo katikati. Nilikuwa nimesahau baba ana kidevu.

Lakini mimi sikukaa sana pale. Nilikuwa barabarani, kwenye kona, nahesabu wanawake wenye mabeseni kichwani. Kila anayetokea mbali nilimpa kwanza nafasi ya kuwa mama, halafu akikaribia anakuwa mtu mwingine. Jua likapita juu. Wageni wakapungua. Baba akaja na kidevu chake kipya, akaketi kando yangu kwenye jiwe.

"Unangoya nani huku?"

"Mama."

Hakunigombeza.

"Yeye hakosi kilio," nikamweleza, kwa vile niliona hajaelewa.

"Eh. Hakosi," akasema. "Niko namujua. Hajakosa hata moya." Akanivuta, akanikalisha mapajani, na mimi nilikuwa mkubwa mno kwa mapaja. "Hii moya tu, mwanangu. Hii yake, njo yenyewe hawezi kuya."

Hapo nikalia. Kichwa chake kilinuka sabuni na majivu, nikalia humo mpaka nikalala.

Jumatatu Gaspard akaja nyumbani. Baba alikuwa shambani anafanya kibarua kwa Wamalawi. Gaspard akachuchumaa mbele yangu, tai ikagusa vumbi.

"Petit, ile afishi yako ni mzuri sana. Wakubwa banakuya kutoka Lilongwe, nataka baone. Niazime. Vendredi nakurudishia."

Tulikuwa tumeitundika juu ya kitanda cha baba, kwa misumari ile ile miwili. Hatukuwa na picha ya mama, hata ile ya pasipoti, zote ziliungua Fizi. Niliishusha mwenyewe. Nitawaambia kwa nini, ingawa aibu. Nilikuwa nimeshalia, nilikuwa nimeshaambiwa hawezi kuja, lakini nikawaza: Lilongwe lazima wana tablo kubwa zaidi. Nikampa kwa mikono miwili, kama tunavyompa mkubwa kitu.

Baba aliporudi akaona misumari mitupu. Aliniuliza, nikasema, Ijumaa inarudi. Ijumaa ikafika, nikamfuata Gaspard ofisini. "Bado iko kwa wakubwa. Vendredi ijayo." Ijumaa nyingine, alikuwa na mkutano. Nyingine, alikuwa amekwenda Dowa. Nilimfuata mpaka watoto wakaniita Vendredi. Halafu siku moja pale mezani pake nikamkuta mtu mwingine. Gaspard alikuwa amepata kazi Lilongwe, kwenye shirika lile lile la wakubwa. Baba alimwandikia barua mbili kwa mkono wa watu. Hazikujibiwa. Baba alikufa akiitazama misumari ile. Alikataa kitu kingine kitundikwe hapo.

Na uso ukanitoka. Hicho ndicho mtu asichokielewa anaposema ni karatasi tu. Nilikuwa mtoto, niliuweka uso wa mama pale ili nisiubebe kichwani, kama unavyoweka mzigo kwa jirani. Mwaka uliofuata nikajaribu kumchora tena, nafasi ya meno nikaikumbuka, kovu nikalikumbuka, jicho likakataa. Nimejaribu utu uzima wangu wote. Namchora Mama Esperansi. Namchora Tantini. Yeye hatoki.

Shule niliishia darasa la nne, cherehani ikanichukua. Lakini afishi sijaacha. Ninazichora kwenye karatasi za kahawia za kukatia vielelezo vya nguo, nikisubiri pasi ipate moto. Mashindano ya mama wakwe kuomba msamaha. Mkutano wa watu wote waliowahi kuitwa jina la siku. Harusi ya Tantini, kila mwaka namchorea moja, na sasa ana mvi, na safari hii bwana harusi nimempa uso wa fundi wa kabaza, zile baiskeli za kubeba abiria, anayempitia asubuhi na nyanya. Tantini ameiona. Hakuniita nabii wa uongo. Ameikunja, ameiweka kwenye Biblia. Wasichana ninaowafundisha kushona nao wameanza, wanabandika ukutani mwa karakana, na juzi mmoja alichora siku ya kufagia njia ya kisimani, na asilani siwadanganyi, watu walikuja na mafagio.

Kwa hiyo baada ya siku ile ya City Centre nilitafuta namba ya Gaspard. Si vigumu, ni mkubwa sasa, ana nyumba yenye geti. Nilijitaja. Akacheka kidogo.

"Mama, mambo ya zamani hayo. Ilikuwa karatasi tu."

"Ilikuwa na jina. Nani amekata jina?"

"Fremu ilikuwa fupi. Tena kisheria, ile ilibandikwa kwenye tablo ya ofisi. Ni mali ya ofisi."

"Uliitoa juu ya kitanda ya baba yangu."

Akakata simu. Ofisi yenyewe wanasema niandike barua, nieleze kwa Kiingereza, nithibitishe. Nithibitishe nini? Waondoe kioo na fremu: kwenye kingo za karto kuna matundu mawili ya misumari ya benchi la kanisa, na kashe ya jua, mara mbili. Barua ya Kiingereza siijui. Ninachojua kuandika ni hiki, na misumari ile miwili ninayo bado. Kesho nakwenda kupigilia afishi hii kwenye tablo ya Dzaleka, na nyingine naipeleka City Centre, nitaibandika kwa nsima.

TANGAZO. Kilio cha VUMILIA ASUKULU, kwa mara ya pili, Jumamosi, bloki ya tatu, asubuhi. Kuni zipo. Gaspard wa Uvira, mtafsiri wa zamani, atakuja. Atakuja amebeba kwa mikono yake yote miwili karatasi aliyoiazima kwa mtoto, na kile kipande cha chini alichokikata, au ataeleza mbele ya watu alikitupa wapi. Atasema jina la marehemu kwa sauti ile ile ya redio. Kisha atakaa chini, atakula maharage na sisi, maana hatufukuzi mtu. Wote mje. Gaspard, kilio hakikoswi. Ijumaa yako imefika.